MATHCOUNTS: maswali yenu, majibu yangu

Nilipogusia MATHCOUNTS, lile shindano la taifa la hisabati kwa shule za kati za Marekani, maswali yalimiminika. Yanayofanana nimeyaunganisha.

Binti yangu yuko darasa la 5 lakini anasoma hesabu za darasa la 7. Ataruhusiwa?

Hapana, mama. Kinachoangaliwa ni darasa alilomo, si kitabu anachosoma. Ni la 6, la 7 na la 8 tu. Mwakani ataingia akiwa na misimu mitatu mbele yake, na zaidi ya mitatu hapewi mtu.

Wanafanya nini hasa huko ndani? Kikokotoo je?

Wanaanza na Sprint: maswali 30, dakika 40, kikokotoo marufuku. Halafu Target, maswali 8 yanayotolewa mawili mawili, kila jozi dakika 6, na hapo kikokotoo ruksa. Kisha raundi ya timu: watoto 4, maswali 10, dakika 20, kikokotoo bado ruksa. Swali la Sprint ni pointi 1, la Target pointi 2, kwa hiyo mtoto akipata yote anafikisha 46. Countdown ina hadithi yake, nitaifikia.

Mwanangu kakosa swali hili la mazoezi: "Kuanzia 100 hadi 999, ni namba ngapi zenye angalau tarakimu 7 moja?" Kapata 280, jibu ni 252. Kateleza wapi?

Nalipenda kosa hili, kwa sababu ni la mtoto anayefikiri. Nadhani alianza na zenye 7 kwenye mamia, ziko 100. Kwenye makumi 90, kwenye mamoja 90. Akajumlisha. Sasa mwulize: 777 umeihesabu mara ngapi? Atacheka mwenyewe, maana ni mara tatu. 177 nayo mara mbili.

Anaweza kuzisaka zilizojirudia azitoe, na atafika 252. Lakini dakika 40 kwa maswali 30 ni sekunde 80 kwa kila moja, na msako huo unazimaliza. Aanzie upande wa pili: zisizo na 7 kabisa ni ngapi? Mamia yana chaguo 8 (0 na 7 zimetoka), makumi 9, mamoja 9. 8 × 9 × 9 = 648. Namba zote ni 900, toa 648, zinabaki 252. Akiona neno "angalau", ajiulize kwanza kama kuhesabu kinyume chake si rahisi zaidi. Mimi ningempa maswali matano ya namna hii kabla ya kumkaririsha kanuni hata moja.

Akikosa anakatwa pointi?

Hakatwi. Ila hakuna A, B, C za kuchagua. Jibu analiandika mwenyewe, kwa hiyo kubahatisha hakumfikishi mbali. Heri dakika mbili za mwisho akague sehemu zake. 6/8 panapotakiwa 3/4 ni sifuri, hata kama hesabu nzima ilikuwa sahihi. Inauma!

Timu yetu ina watoto watatu. Tunaumia?

Mnaumia. Alama ya timu ni jumla ya alama za watoto ikigawanywa kwa 4, kisha inaongezwa pointi 2 kwa kila swali la raundi ya timu walilopata. Mkiwa watatu bado mnagawanya kwa 4. Mtafuteni wa nne, hata awe wa alama 10 tu: atawaletea 2.5, zaidi ya swali zima la raundi ya timu.

Mdogo wangu anaogopa Countdown hadi anataka kujitoa.

Mwambie kwanza haitwi kila mtu. Wanaopanda jukwaani ni wale wa alama za juu za Sprint na Target, na akifika hapo ameshafanya kazi kubwa. Kwenye fainali ya taifa ndipo raundi hii humtoa bingwa. Ngazi za chini mara nyingine huwa burudani tu. Kwa maoni yangu inasifiwa kupita kiasi, kwa kuwa ndiyo inayopendeza kutazama.

Wanasimama wawili, swali linatokea, sekunde 45, na anayewahi kubonyeza ndiye anayejibu kwanza. Mchezesheni nyumbani: mmoja asome, wawili washindane kupiga meza. Akishapiga, aanze kujibu ndani ya sekunde 3. Utaona anachokosea si hesabu. Anapiga meza kabla jibu halijakamilika kichwani.