Kujiona ukiwa juu ya mwili wako: jibu kwa aliyeuliza kama ni roho kutoka

Mkuu, umeuliza kama kilichokupata siku ulipoanguka ghafla ni roho kutoka, au ni akili imeanza kuyumba. Mimi yalinikuta baada ya kuchomwa sindano ya antibayotiki. Kufumba na kufumbua mwili mzima unawasha, midomo imevimba, koo linabana, na nesi anasema presha haisomi. Kisha mateso yote yakakatika.

Nikajikuta karibu na dari, namtazama mtu amelazwa kitandani, miguu imeinuliwa. Nilichelewa kutambua kuwa yule ni mimi. Hofu sikuwa nayo hata chembe. Nilimwonea huruma kidogo tu, kama mgonjwa wa kitanda cha jirani. Sauti zote nilizisikia. Nikaona akidungwa adrenalini pajani, nikaona dripu inatundikwa, nikaona dirisha liko wazi na mwanga unaingia. Ghafla niko chini tena, moyo unakwenda mbio, natetemeka mwili mzima (adrenalini hiyo, usiogope ikikupata), na maumivu yamerudi yote.

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni muda wote ule. Nilipomsimulia, alikubali karibu kila kitu: miguu, sindano ya paja, hata maneno ya nesi. Ila chumba kile hakina dirisha. Ndiyo maana naegemea upande wa ubongo. Niliyoyapatia ni yale ambayo masikio na ngozi viliweza kuyanasa. Kile kilichohitaji macho, nilikibuni.

Na ubongo unaweza kabisa kufanya hivyo. Mwaka 2002, Olaf Blanke na wenzake huko Uswisi waliripoti habari za mwanamke mwenye kifafa waliyekuwa wakimpima kwa umeme ndani ya ubongo. Walipochochea sehemu moja ya upande wa kulia, juu ya sikio kuelekea nyuma, akasema anajiona kitandani kutoka juu, tena miguu na kiwiliwili cha chini tu. Eneo hilo ndilo linalounganisha tunachoona, usawa wa mwili na hisia za viungo. Damu ikipungua huko, si ajabu ukapoteza hesabu ya mahali ulipo.

Wanaoamini ni roho sitabishana nao. Sam Parnia na wenzake waliweka picha kwenye rafu za juu hospitalini, zionekane na anayetazama kutoka darini tu. Ripoti yao ya 2014 ilihusu zaidi ya watu 2,000 waliosimama moyo. Mmoja alieleza vizuri yaliyotokea akiwa hajitambui, lakini chumba alichokuwamo hakikuwa na rafu! Kwa hiyo kila upande umebaki na lake.

Kuhusu wazimu, toa shaka. Jambo hili limekuja na dharura, likaondoka nayo. Likikurudia umekaa tu huna ugonjwa, hapo muone daktari wa mishipa ya fahamu, kwa kuwa kifafa na kipandauso vinaweza kulileta.

Kinachonitia wasiwasi kwako ni kingine: hujasema ulianguka kwa nini. Mimi nilibakizwa wodini kwa uangalizi, maana mzio wa namna ile unaweza kurudi saa kadhaa baada ya kutulia, na jina la dawa ile liko kwenye kadi ninayotembea nayo. Wewe walikupima moyo? Sukari je?