Mwanangu, Una Marson hakuwa "mtangazaji tu"

Mwanangu,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unasema kila siku unapita hapo Southwark, London, kwenye maktaba imeandikwa Una Marson, ukauliza ukaambiwa ni mama wa Jamaica alikuwa mtangazaji BBC enzi hizo, ndo unaniuliza, mama, mtangazaji tu anapewaje maktaba nzima? Hilo "tu" limenichoma, nikasema ngoja nikuandikie kwa kirefu.

Wewe umekua na simu mkononi, kadi za salamu hukuzikuta. Sisi hapa Tanga tulikuwa na redio ya betri, mawe yakichoka tunayaanika juani yapate nguvu kidogo. Unanunua kadi, unaandika jina lako na la unaowasalimia, unaitia posta halafu unasubiri wiki na wiki. Siku moja jioni likatajwa jina la bibi yako, salamu kutoka kwa mjomba wako mkubwa aliyekuwa jeshini, na tulikuwa hatujui kama mzima au la. Bibi yako aliacha mwiko ndani ya sufuria akakaa chini palepale kwenye majivu analia, ugali ukaungua na hakuna aliyesema neno.

Basi hiyo ndo kazi aliyofanya Una Marson. Mwaka 1941, London inapigwa mabomu, BBC wakamwajiri, mwanamke mweusi wa kwanza kuandaa vipindi pale. Akawa anaendesha Calling the West Indies, vijana wa visiwa vya Karibi waliokwenda vitani wanakuja studio wanawasalimia mama zao Jamaica, Trinidad, Barbados. We fikiria mama mmoja kule kijijini anasikia sauti ya mwanae inavuka bahari.

Angeweza kuishia hapo na angekuwa amefanya jambo kubwa. Lakini yule mama alikuwa mshairi, akaanza kupenyeza mashairi na hadithi za watu wa kwao ndani ya kile kipindi, na kufika 1943 kikazaliwa Caribbean Voices, ambacho kiliendelea hata baada ya yeye kuondoka, mpaka 1958. Waandishi wakubwa wa Karibi kina Derek Walcott, Sam Selvon, George Lamming, wote walipitia pale wakiwa bado vijana. Kuna picha ya 1942 itafute, wamekaa studio kwenye meza, mshairi T. S. Eliot yupo pembeni yake, mwandishi George Orwell kasimama nyuma, na Una kakaa pale katikati yao kama mtu aliye kwake.

Na usidhani alifika pale kwa bahati. Alizaliwa 1905, mtoto wa mchungaji, na alipokuwa na miaka 23 tu alishaanzisha gazeti lake mwenyewe Kingston, The Cosmopolitan, linaongelea kazi na haki za wanawake. 1932 akaenda London, ana ujuzi wote wa kazi za ofisini lakini anazungushwa kwa sababu ya rangi yake. Aliyempokea ni Dk. Harold Moody, daktari Mjamaica, nyumbani kwake Peckham, si mbali na unapokaa wewe, akafanya kazi kwenye chama cha Moody cha kutetea watu weusi na kuhariri jarida lao. 1935 yuko Istanbul kwenye mkutano wa wanawake wa dunia, anawaambia waziwazi habari za ubaguzi. Mwaka uliofuata Mussolini wa Italia kashaivamia Ethiopia, mfalme wake Haile Selassie kakimbilia Uingereza, na Una akawa katibu wake, akasafiri naye mpaka Geneva, mfalme alipokwenda kuwalilia mataifa yaliyokutana kule wamsaidie wakamwacha hivihivi. Mimi hapo huwa nasimama kidogo, binti wa Jamaica anabeba makaratasi ya mfalme wa huku kwetu Afrika.

Alichoka sana, mwanangu, hilo nalo lazima nikwambie. Alirudi Jamaica 1936 hoi, akapumzika kidogo akaanzisha mfuko wa kusaidia watoto maskini, akarudi tena London, na vita vilipoisha akaondoka BBC akiwa mgonjwa wa mawazo. Upweke wa kuwa peke yako mweusi kwenye chumba kila siku ulimla. Alifariki Kingston 1965, miaka 60.

Ana shairi kwenye kitabu chake cha 1937, dada mmoja anazipenda nywele zake za kipilipili na uso wake mweusi ila wanaume hawamtazami, mpaka anafikiria kwenda saluni kuzinyoosha. Nilipolisoma nilikumbuka lile chanuo la chuma tulilokuwa tunalitia kwenye mkaa, moshi na harufu ya nywele chumba kizima, nimekushikilia masikio nakwambia tulia usiungue, una miaka saba. Nilidhani nakupendezesha. Nisamehe kwa hilo.

Kwahiyo leo ukipita usipite, ingia ndani, waulize hicho kitabu, kinaitwa The Moth and the Star. Ukilipata hilo shairi usinipigie picha, macho yangu siku hizi hayasomi kwenye simu. Lisome kwa sauti yako unirekodie, nitaifungua jioni tukiwa wote sebuleni na bibi yako asikie.

Mama yako