Pesa za wachezaji na mtoano wa timu 12: wakubwa wameongezeka, wadogo wamefungiwa nje

Mkuu mleta mada, umeuliza kama wenye hela ndio watakaobeba kila kitu kwenye futiboli ya vyuo Marekani (ile ya mpira wa umbo la yai, si kandanda), sasa kwa kuwa wachezaji wanalipwa na mtoano umetoka timu 4 kwenda 12. Mdau aliyekutangulia kukujibu kaandika kwa mkato: "Indiana bingwa, mjadala umekwisha." Mimi naona ndiyo kwanza unaanza. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie.

Nimeishi Ohio muda mrefu. Nilipokuwa mwanafunzi nilipata kibarua cha kuwafundisha wanamichezo hesabu na takwimu jioni, kwenye chumba chao cha kujisomea, katika chuo kimoja cha kati cha MAC, moja ya ligi ndogo. Baadaye nikaajiriwa hapohapo. Kwa hiyo nimekaa na vijana hawa kabla ya pesa na baada ya pesa, na nachosema ni nilichokiona pamoja na kile ambacho kila anayefuatilia anaweza kukihakiki.

Kwanza tuondoe dhana kwamba zamani kulikuwa na usawa. Pesa ilikuwepo tangu zamani, ila haikuwa inamfikia mchezaji. Ilienda kwa makocha, ambao katika majimbo mengi ndio watumishi wa umma wanaolipwa kuliko gavana, na ilienda kwenye viwanja, mabwawa ya kuogelea na vyumba vya kubadilishia nguo vinavyoshinda hoteli. Chini ya meza nako ilipita. SMU ya Dallas ilifungiwa msimu mzima wa 1987 kwa kulipa wachezaji kinyemela. Mahakama Kuu ya Marekani ilipotoa hukumu ya kesi ya Alston, Juni 2021, majaji wote 9 wakiwa upande mmoja dhidi ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ukuta ukaanguka. Julai 1 mwaka huohuo mchezaji akaruhusiwa kuuza jina na sura yake kwa matangazo.

Lakini kilichobadilisha mizani zaidi, kwa maoni yangu, ni ruhusa ya kuhama. Zamani ukihama chuo unakaa benchi mwaka mzima bila kucheza. Sharti hilo ndilo lililoijenga Alabama ya kocha Nick Saban. Alikuwa na uwezo wa kusajili wachezaji 85 wenye ufadhili, na yule wa tatu kwenye nafasi yake angekuwa nyota kwingine, lakini angehamia wapi? Anasubiri. Mwaka 2021 wakaruhusu kuhama mara moja bila adhabu, na Aprili 2024 ikawa hama utakavyo. Saban alistaafu Januari 2024, katikati ya mabadiliko hayo.

Tazama takwimu za mtoano wa timu 4, msimu wa 2014 hadi 2023. Zilikuwepo nafasi 40 kwa miaka yote kumi. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, lakini nafasi hizo ziligawanywa kwa vyuo 15 tu, na Alabama, Clemson na Ohio State peke yao walichukua 19. Huo ndio "usawa" ambao wazee wanaulilia redioni.

Sasa njoo msimu wa 2025. Nusu fainali ilikuwa Indiana, Oregon, Miami na Ole Miss. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kufika hapo enzi za timu 4 isipokuwa Oregon, mara moja. Na makwotabeki wao wote wanne, wale wanaoshika usukani wa mashambulizi, walikuwa wahamiaji: Fernando Mendoza wa Indiana alitoka chuo cha California (Berkeley), Carson Beck wa Miami alitoka Georgia, Dante Moore wa Oregon alitoka UCLA, na Trinidad Chambliss wa Ole Miss alitoka Ferris State, chuo cha daraja la pili huko Michigan. Fainali ya mwaka uliotangulia nayo ilikuwa vilevile, Will Howard katokea Kansas State kwenda Ohio State, Riley Leonard katokea Duke kwenda Notre Dame.

Indiana inastahili maelezo, maana watu wanaitumia kama ushahidi wa kila kitu. Hiki ni chuo kilichokuwa na vipigo vingi kuliko chuo chochote kikubwa katika historia ya mchezo huu. Nimeenda Bloomington enzi hizo. Wanafunzi walikuwa wanachoma nyama na kunywa nje kwenye maegesho tangu asubuhi, mechi ikianza nusu yao hawaingii, na walioingia wanatoka mapumziko wasirudi. Mashabiki wa timu ngeni ndio walikuwa wanapiga kelele. Mwaka 2023 walishinda mechi 3, wakafungwa 9. Wakamchukua kocha Curt Cignetti kutoka chuo cha James Madison, mzee wa zaidi ya miaka sitini, aliyewahi kuwa msaidizi wa Saban, naye akaja na zaidi ya wachezaji kumi wa timu yake ya zamani. Mwaka wa kwanza wakashinda 11, wakafungwa 2. Wa pili, wakashinda zote 16. Waliipiga Ohio State 13-10 kwenye fainali ya ligi yao, Big Ten, Alabama 38-3, Oregon 56-22, na Januari 19, 2026 wakaimaliza Miami 27-21 nyumbani kwao Florida.

Je, ni pesa? Pesa ilikuwepo, na hakuna aliyeficha. Bilionea Mark Cuban alisoma Indiana na alichangia. Lakini Cignetti hakununua majina. Alichukua watu wazima, vijana wa mwaka wa nne na wa tano, wengine wa sita, waliocheza mechi nyingi kwenye vyuo visivyotazamwa na televisheni kubwa. Mendoza mwenyewe alipomaliza sekondari Miami vyuo vikubwa havikumtaka, na alikuwa ameshakubali kwenda Yale kabla ya California kumchukua. Mtu wa miaka 22 au 23 akikabana na mtoto wa miaka 18 mwenye nyota tano (daraja la juu kabisa la vipaji vya sekondari), huyo mtoto anasukumwa. Ndicho kilichoikuta Alabama siku ile ya 38-3 huko Pasadena.

Upande wa pili, wapo waliomwaga hela wakaambulia patupu. Penn State walianza 2025 wakishika nafasi ya pili kwenye kura za nchi nzima, kufika Oktoba kocha kafukuzwa. LSU nao wakamtimua wa kwao mwezi huohuo. Texas Tech wana tajiri wao wa mafuta, Cody Campbell, walisajili kwa fujo na wakapata ubingwa wa kwanza wa ligi ya Big 12 katika historia yao, hilo si dogo. Kisha wakakutana na Oregon robo fainali, wakala 23-0 bila kugusa ubao. Yanga na Simba wametufundisha muda mrefu kwamba usajili wa kishindo wa Julai hauna uhusiano wa moja kwa moja na Mei.

Kuhusu mtoano wenyewe, watu wanasema timu 12 zimewapa nafasi wanyonge. Mimi naona aliyefaidika zaidi ni tajiri anayeteleza. Msimu wa 2024 Ohio State, ambao mkurugenzi wao wa michezo alisema hadharani kikosi kiligharimu kama dola milioni 20, walifungwa na Oregon, halafu wakafungwa nyumbani na Michigan mbovu, 13-10. Hapa Columbus watu walitaka kocha Ryan Day aondoke usiku uleule. Enzi za timu 4, vipigo viwili hivyo vingekuwa mwisho wa msimu wao. Lakini waliingia wakiwa wa 8, wakapata mechi ya kwanza nyumbani kwenye baridi ya Desemba dhidi ya Tennessee, na mwezi mmoja baadaye wakawa mabingwa wa nchi. Mashindano marefu yanampendelea mwenye kikosi kipana. Yakizidi kurefuka, upana unazidi kuwa na bei.

Kitu kimoja cha ajabu: kupita bila kucheza raundi ya kwanza kumekuwa nuksi. Katika misimu miwili, timu 8 zilipewa mapumziko hayo, 7 zikatolewa kwenye mechi yao ya kwanza. Iliyopona ni Indiana.

Sasa nirudi kwenye chumba changu cha kujisomea, maana hapa ndipo swali lako linapouma. Kila Desemba ilikuwa naletewa orodha mpya ya majina. Kabla ya 2021 orodha ilibadilika kidogo tu, wanaomaliza wanaondoka, wageni wanakuja. Baadaye nikawa nakuta karibu nusu ya wazuri wameondoka. Kijana mmoja, mkabaji wa pembeni, mtulivu, alikuwa anasoma huku simu imelala kifudifudi mezani, inatetemeka kila baada ya dakika chache. Ni watu wa watu: mjomba wa fulani, kocha wake wa sekondari, wakala asiyejitambulisha, wote wana "mahali pazuri". Alihamia kusini. Mwaka uliofuata alinitumia picha ya fomu ya kodi ya 1099 akiuliza ni nini hiki. Nilimwelezea kwamba hakuna aliyemkata kodi, kwa hiyo serikali inamdai yeye mwenyewe. Kiasi kilichoandikwa pale kilikuwa mara mbili ya mshahara wangu wa mwaka. Sikumlaumu kuondoka. Mama yake alikuwa anapanga nyumba.

Vyuo vya aina ya kwetu vimegeuka chuo cha mafunzo cha wakubwa, bila kulipwa ada ya uhamisho. Mkimbiza mpira Ashton Jeanty alibaki Boise State 2024, akakimbia yadi 2,601 na kuwafikisha robo fainali, lakini anakumbukwa kwa sababu kubaki kwenyewe kulishangaza watu. Marshall walishinda ligi yao mwaka huohuo, kocha akaondoka, wachezaji wengi wakamfuata au wakatawanyika, na chuo kikajitoa kwenye mechi ya mwisho wa msimu kwa kukosa watu. Mwaka 2025 Tulane na James Madison waliingia timu 12, na makocha wote wawili walikuwa wameshasaini kazi mpya kabla mechi haijachezwa. Tulane wakafungwa 41-10, James Madison 51-34.

Tangu Julai 2025, baada ya jaji Claudia Wilken kuidhinisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, chuo chenyewe kinaweza kuwalipa wanamichezo wake hadi kiwango maalumu, dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo 2025-26. Wakaita ukomo. Kwa Texas au Georgia huo ni ukomo kweli, na juu yake zipo dili za nje. Kwa chuo cha MAC ni namba ya kusoma gazetini tu.

Mdau mmoja aliuliza pia kuhusu vijana wetu wanaokwenda kukimbia huku, hasa Wakenya. Hao hawamo kwenye karamu hii. Viza ya mwanafunzi, F-1, haimruhusu kufanya kazi hovyo, kwa hiyo kusaini tangazo akiwa ndani ya Marekani ni kucheza na viza. Makubaliano hayohayo ya House yameweka ukomo wa wakimbiaji 17 kwenye kikosi cha mbio za nyika, na sehemu kubwa ya fedha mpya inamezwa na futiboli. Cal Poly ilifuta kuogelea Machi 2025 ikitaja hali hiyo. Kama una mdogo wako anayeahidiwa nafasi, aombe barua inayotaja asilimia ya ufadhili na miaka yake, maneno ya kocha kwenye WhatsApp hayatoshi.

Kwa hiyo mkuu, wanaoweza kuwa bingwa wametoka watano mpaka labda kumi na tano au ishirini, na karibu wote wako kwenye ligi mbili kubwa, Big Ten na SEC. Big Ten imechukua mara tatu mfululizo, kwa vyuo vitatu tofauti: Michigan, Ohio State, Indiana. Nje ya ligi hizo mbili, ukiacha Notre Dame, Miami na wachache wa kubahatisha, njia imezidi kuwa nyembamba. Ukitaka kukisia bingwa ajaye achana na orodha za watoto wa sekondari wenye nyota tano. Subiri dirisha la uhamisho la Januari lifungwe, kisha hesabu nani amebakiza wakabaji wa mstari wa mbele wenye mwaka wa nne na wa tano.