Hakone kwa siku moja: usizunguke, oga

Mara ya kwanza nilipokwenda Hakone, mji wa milimani wenye chemchemi za maji ya moto karibu na Tokyo, sikuoga. Nalitanguliza hili ili ujue ushauri huu unatoka kwa nani.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba, majani yamegeuka mekundu, na Tokyo nzima ilikuwa imeamka na wazo moja na langu. Nilitoka stesheni ya Shinjuku saa nne asubuhi nikiwa na ramani ya ule mzunguko ambao kila mgeni huambiwa aumalize: treni hadi Hakone-Yumoto, treni ya mlimani hadi Gora, kutoka hapo behewa linalovutwa kwa kamba juu ya reli, halafu vibanda vinavyoning'inia kwenye waya kupita bonde la Owakudani, meli kwenye ziwa Ashi, na basi la kurudi. Kwenye ramani ni duara zuri. Ardhini ni foleni. Nilifika ziwani kiza kinaingia, meli ya mwisho imeshaondoka, basi limejaa mpaka mlangoni. Mji umejaa maji ya moto, mimi nikarudi na jasho langu lile lile, na mayai mawili meusi kwenye mkoba.

Mayai yenyewe yana hadithi. Owakudani ni bonde la volkano iliyo hai, moshi unafuka ardhini mchana kutwa. Wanachemsha mayai humo kwenye maji ya chemchemi, madini ya chuma na gesi ya salfa vinakutana, ganda linakuwa jeusi kama mkaa. Ndani ni yai tu, jeupe. Husemwa kuwa yai moja linakuongezea miaka saba. Mume wangu alikula yote mawili bila kuniuliza.

Safari ya pili nilimpeleka wifi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na ndiyo safari iliyonifundisha. Ilikuwa Jumatano ya Februari. Wifi ana pumu, na Owakudani kuna tahadhari kwamba mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au mimba asiende, kwa sababu ya ile gesi. Usilichukulie kama maneno ya kujikinga tu. Mwaka 2015 bonde lilifungwa kabisa volkano ilipochachamaa. Kwa hiyo mzunguko ukafa kabla hatujatoka nyumbani, na hiyo ndiyo ilikuwa bahati yetu.

Tulipanda Romancecar, treni ya haraka ya kampuni ya Odakyu, ya saa mbili asubuhi kutoka Shinjuku. Inafika Hakone-Yumoto kwa kama saa moja na nusu bila kubadilisha treni. Unalipa nauli ya kawaida na juu yake unalipia kiti, na kiti unaweza kukikata mwezi mmoja kabla. Viti vya mbele kabisa, vyenye kioo kikubwa, huisha haraka. Ukitaka nafuu, panda treni ya kawaida ya Odakyu hadi Odawara, ubadilishe hapo. Utachelewa kidogo tu. Tofauti ninayoiona mimi ni kula. Kwenye treni za kawaida za mjini watu hawali, lakini Romancecar ni ruksa, nasi tulikuwa na chapati na maharage ya nazi kwenye hotipoti. Beba chako kama unachunga halali. Hata supu ya tambi za soba mara nyingi hutiwa mirin, na hiyo ina kilevi.

Mizigo weka kwenye makabati ya sarafu stesheni Hakone-Yumoto, kisha panda treni ya mlimani. Hii usiikose. Njia ni kilomita 8.9 tu hadi Gora lakini inachukua dakika kama 40, kwa sababu kuna mahali reli inapanda mita 80 kwa kila mita 1,000. Mara tatu treni inafika mwisho wa njia, inasimama, dereva na kondakta wanashuka, wanapishana kwenye jukwaa kila mmoja na mkoba wake, wanabadilishana ncha, na treni inaondoka kinyumenyume huku ikipanda. Mara ya kwanza wifi alidhani tumekosea njia tunarudishwa. Kwenye kona treni humwagia reli maji ili kupunguza msuguano. Grisi ingeifanya iteleze. Mwezi wa sita na wa saba maua ya haidrenjia huchanua hadi yanagusa madirisha, na watu nao hujaa vivyo hivyo.

Tarehe 2 na 3 Januari usiende kabisa, labda kama unapenda riadha. Ndizo siku za mbio za kupokezana za vyuo vikuu, kutoka Tokyo hadi ziwa Ashi na kurudi, zilizoanza mwaka 1920. Pale reli inapokata barabara karibu na Kowakidani, treni ndiyo inayosimama kuwapisha wakimbiaji. Wakenya wamo kwenye mbio hizo tangu 1989, ila wao mara nyingi hupewa kipande cha pili, huku chini, mbali na mlima.

Tulishuka Chokoku-no-Mori, stesheni moja kabla ya Gora, kwenye makumbusho ya sanamu ya uwanjani yaliyofunguliwa mwaka 1969. Picasso ana jengo lake zima humo. Wifi alizunguka majani yale, akatikisa kichwa: "Hata masanamu yao hayana nguo." Lakini ndani kuna birika refu la kuoshea miguu, maji ya chemchemi, unakaa kwenye ukingo umekunja suruali. Kwa anayesita, anzia hapo. Nilimwona mabega yakishuka.

Sasa kuoga kwenyewe. Kwenye bafu la wote wanaume wako kwao na wanawake kwao, na unaingia uchi. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi, na mwenye tatuu mara nyingi hukataliwa mlangoni. Nilimweleza wifi wiki nzima kabla. Akanijibu, "Wifi, hata maiti anaoshwa chini ya shuka, seuze mimi mzima." Sikubishana naye. Dawa ni kukodi bafu la faragha, wanaita kashikiri. Hoteli nyingi za wageni wa kulala huwapa hata wageni wa mchana, kwa dakika 45 au saa moja, mnafunga mlango wenu. Piga simu kabla, au umwombe mwenzako anayejua Kijapani apige. Ukifika bila miadi utajibiwa kwa adabu kubwa kwamba limejaa. Uliza pia kama nguo inaruhusiwa majini. Sisi tulikataliwa kanga, basi tukagawana muda: mmoja anaoga, mwenzake yuko chumba cha kubadilishia na chai yake.

Kabla ya kuingia majini lazima uwe umeshajisugua ukang'aa. Unakaa kwenye kigoda, bomba mbele yako, sabuni, na unajisuuza mpaka povu lote liishe. Wifi alikuwa na dodoki lake kutoka Tanga. Akiwa bado amejifunga kanga aliniita nimsugue mgongo, halafu akanigeuza mimi, akanisinga kama mwari anayepelekwa kwa mumewe kesho. Zikatutoka dakika kumi. Maji yenyewe ni makali, digrii 40 na ushee. Usikae zaidi ya dakika kumi kwa mara moja, na usiinuke ghafla. Kitaulo kidogo hakiingii majini, unakiweka kichwani.

Malalamiko yake yalikuwa moja. Tanga tuna maji ya salfa pale Galanos, karibu na Amboni, unayanusa kabla hujayaona, naye alikuja akitarajia harufu hiyo. "Maji gani ya dawa hayanuki?" Ni kweli, ya Hakone-Yumoto ni maangavu, hayana harufu. Ukitaka yale meupe kama maziwa yenye salfa, tafuta bafu la Gora au Sengokuhara, wanakovuta maji kutoka Owakudani. Kwa mwenye pumu kama wifi, ya Yumoto yalitosha.

Treni ya kurudi tulikata ya saa kumi na moja jioni. Ikate mapema kama ya kwenda, maana ukishaoga hutaki kusimama. Stesheni nilinunua chupa mbili za maziwa baridi, ndicho kinywaji cha baada ya kuoga. Wifi alikunywa yake, akafungua na yangu, akalala mpaka Shinjuku mdomo wazi, dodoki limefungwa kwenye kanga mapajani, bado linadondosha maji.