Milia ya mashua kuukuu: fungua kopo la rangi mwisho

Mashua yetu ya Lamu ni ya mbambakofi na mwembe, na umri wake unazidi wangu. Ubavuni ina milia miwili: mwekundu mpana chini kidogo ya ukingo, na wa buluu, mwembamba, juu ya mstari wa maji. Watu wa Shela wanaijua kwa milia hiyo ingali mbali. Ikichakaa inaniuma, na nimeipaka mara nyingi kiasi cha kujua wapi kazi hii huharibika.

Mara ya kwanza niliyoipaka peke yangu nilisugua juujuu kwa msasa, nikapaka rangi ya mafuta asubuhi, na kufikia Alasiri ikawa inang'aa kama sahani. Wiki ya tatu mlia mwekundu ukaanza kutoa malengelenge upande wa omo, yaani mbele ya chombo. Nilibandua moja kwa ukucha, rangi ikatoka ganda zima, na chini yake ubao ulikuwa unateleza. Kwa miaka mingi marehemu ami alikuwa akiipaka sifa, mafuta ya ini la papa, na mbao zilikuwa zimeyanywa yale mafuta mpaka yakakolea. Rangi haishiki juu ya mafuta, wala haishiki juu ya chumvi, na chombo kikongwe kina vyote viwili.

Siku hizi kazi naipanga kwa mwezi. Mashua naipandisha ufukweni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ikiwa kwenye kilele, maji yamejaa kabisa, kisha naitia gadi, miti ya kuitegemeza, pande zote mbili. Maji yakishaanza kurudi kuelekea maji mafu, yale yasiyojaa sana, bahari haiifikii tena mpaka bamvua inayofuata, kwa hiyo nina takriban wiki mbili. Ukipandisha siku yoyote tu, kila maji yakijaa yanalowesha ubao uliokwisha kuukausha. Kwetu Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote. Masika usijaribu kabisa.

Siku nne za mwanzo sigusi kopo. Naondoa rangi iliyolegea kwa skrepa, halafu naosha kwa maji baridi ya kunywa, madumu kwa madumu. Ukiona ni hasara, paka kidole kwenye ubao uliokauka kisha kionje. Ukisikia chumvi, osha tena. Mafuta nayo yanataka thina na vitambaa vingi: futa kuelekea upande mmoja, geuza kitambaa, futa tena. Ukizungusha mkono unayatembeza tu kutoka hapa kwenda pale. Kujua kama yametoka, nyunyiza maji kidogo. Yakijikusanya matone kama juu ya jani la magimbi, bado. Yakitandaa na kuulowesha ubao, hapo sasa uache ukauke vizuri.

Jambo moja naomba lisipuuzwe: rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi. Sugua kwa msasa wa maji, funika pua na mdomo, na watoto wasicheze chini ya mashua siku hizo. Mabaki yakusanye kwenye gunia, usiyaache mchangani.

Sasa mlia wenyewe. Nilikuwa nikipima inchi sita kutoka ukingoni, natia alama kila hatua, naunganisha. Kwa karibu ulionekana sawa. Nikiwa majini ndani ya dau la jirani nikauona umevunjika katikati, una nundu. Fundi mmoja wa Matondoni, mzee aliyewahi kubadilisha mbao zetu mbili, alikuja akautazama kwa muda, kisha akaniambia, "Mwanangu, chombo hiki kizee, mgongo umeshainama. Ukipima kutoka ukingoni unauchora ule ule mwinamo."

Akaniletea upapi mrefu wa mbao laini, unaopindika bila kuvunjika. Tuliushikiza ubavuni kwa misumari midogo, mmoja omo, mmoja tezi, yaani nyuma, na michache katikati, halafu akanivuta mpaka ukingo wa maji, hatua kama thelathini. Tukachuchumaa, tukatazama. Akanituma nikainue katikati upana wa kidole. Tukatazama tena. Nikashusha nusu kidole karibu na tezi. Jioni nzima ilikwenda hivyo, na jua lilipolala upande wa Lamu, upapi ukaonekana umetulia ubavuni kama ulizaliwa pale. Ndipo aliponiruhusu nichukue penseli. Mlia wetu una inchi nne katikati na mbili na nusu kwenye ncha, kwa sababu ukiuacha upana mmoja kote, ncha zinaonekana nzito.

Mlia wa chini hautaki jicho peke yake. Kabla ya kupandisha, siku bahari ni shwari na mashua imebeba mzigo wake wa kawaida, tia alama pale maji yanapogusa, pande zote. Mlia uanze inchi tatu juu ya hapo. Ukiushusha zaidi utaota ukijani ndani ya mwezi mmoja.

Kwenye mbao zenye maungio, rangi hupenya chini ya tepu inayokinga kingo za mlia, na kutoa meno. Dawa yake ni hii: ukishabandika tepu na kukandamiza ukingo wake, paka kwanza juu ya ukingo huo rangi ile ile ya ubavu, kwetu nyeupe. Inaziba mianya. Ikikauka, ndipo unapaka nyekundu. Paka asubuhi umande umeshakauka na upepo haujaanza kurusha mchanga, mikono miwili myepesi, yaani tabaka mbili, siku nzima katikati yake na msasa namba 220 kupita kidogo. Tepu ivute rangi bado inanata, kwa pembe kali, ukiirudisha juu ya yenyewe. Isilale juani, gundi yake itabaki ubavuni.

Kuhusu viraka: nyekundu hupauka upesi, na kiraka kipya katikati ya mlia kitaonekana hata usiku wa mbalamwezi. Anzia kwenye ungio la ubao uishie kwenye ungio jingine, hapo jicho halina pa kushika. Kwetu panapochubuka zaidi ni omo, kamba ya nanga inapopita. Kila nikimaliza najaza rangi iliyobaki kwenye chupa ndogo ya jamu mpaka mdomoni, ili hewa isiifanyie utando, na kwenye kifuniko naandika namba ya rangi na mwezi. Chupa ya mwaka huu iko chini ya kiti cha nahodha, pamoja na brashi moja nyembamba na kipande cha msasa.