Re: Miche ya parachichi inakauka ncha, niongeze mbolea?

Mkuu usiongeze kabisa. Umesema miche ipo kwenye kokopiti (makumbi ya nazi yaliyosagwa) na unaipa dozi kamili ya mbolea ile ya nyanya, sasa hiyo ni chumvi imezidi wala sio njaa, maana ingekosa naitrojeni ungeona majani ya chini yanapauka kuwa njano lote, sio kuungua kuanzia nchani kama limepigwa pasi. Nyanya inavumilia EC (kipimo cha chumvi kwenye maji) ya 2.5 hivi bila shida ila parachichi na chumvi haviivi, mche mimi siuvushi EC ya 1, na ukiwa bado una kokwa lake hauna haraka unakula humo humo. Pima na maji ya kisima kabla hujatia kitu, visima vingi vya Dar vina chumvi yake tayari. Halafu jua likiwaka mche unakunywa maji chumvi inabaki, so tanki la maji ya mbolea likipungua jazia maji matupu. Kwa leo suuza kokopiti na maji yasiyo na chumvi mpaka yanayotoka chini yasome EC karibu sawa na yanayoingia, ndo uanze na robo dozi, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 5.5 hadi 6.5. Yaliyoungua hayarudi, we angalia majani mapya tu.