Je, Yudhishthira alikuwa na haki ya kumweka Draupadi dau?

SWALI: Pranam, Panditji. Nyumbani kwa wakwe zangu tunasoma Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India, pamoja jioni, na tumefika Sabha Parva, kitabu chake cha Baraza. Niliuliza inakuwaje Yudhishthira, tunayemwita Dharmaraja, yaani mfalme wa haki, amweke mkewe Draupadi dau katika kamari. Shemeji yangu alinijibu kwamba mke yuko chini ya mamlaka ya mumewe, na kwamba kama lingekuwa kosa, Bhishma, mzee wa ukoo, asingenyamaza. Je, jibu hilo ni sahihi? Nimesikia pia kwamba sala ya Draupadi kwa Krishna alipokuwa anavuliwa nguo haimo katika nakala za kale. Je, tuendelee kuisoma?

JIBU: Pranam, binti yangu. Jibu ulilopewa si sahihi, na anayelikanusha si mimi bali ni kitabu chenyewe, ambacho kinatumia sura kadhaa kulijadili jambo hili hili mbele ya baraza zima la Hastinapura, mji mkuu wa ufalme.

Tuanze na mpangilio wa matukio, kwa kuwa hoja zote zinasimama juu yake. Yudhishthira aliitwa mchezoni na baba yake mkubwa, mfalme kipofu Dhritarashtra, naye akaenda kwa kuwa aliona si halali kwake kukataa anapoalikwa kushindana. Dado zilirushwa na Shakuni, mjomba wa Duryodhana mwana wa Dhritarashtra, kwa niaba ya mpwa wake. Yudhishthira akapoteza mali, kisha ndugu zake: Nakula, kisha Sahadeva, kisha Arjuna, kisha Bhima, kisha akajiweka yeye mwenyewe dau na akajipoteza. Ni baada ya hapo tu ndipo Shakuni alipomkumbusha kwamba bado anaye Draupadi, naye akamweka.

Mjumbe alipokwenda kumwita, Draupadi alikuwa katika hedhi, amevaa vazi moja tu. Alimrudisha mjumbe barazani akamuulize yule mcheza kamari ni kipi alichopoteza kwanza, nafsi yake au mke wake. Hili ni swali la kisheria, binti yangu, na limeulizwa kwa usahihi ambao hakuna mwanachuoni yeyote barazani aliyeufikia siku ile: kama mtu amekwisha kuwa mtumwa, anayo mamlaka gani ya kumtoa mwingine? Jibu alilopewa lilikuwa Dushasana, shemeji yake na ndugu ya Duryodhana, kumkokota kwa nywele mpaka barazani, naye akalirudia swali lile mbele ya wazee wote.

Sasa tumtazame Bhishma, ambaye shemeji yako amemtegemea. Bhishma hakunyamaza, wala hakuhalalisha. Alisema kwamba dharma, yaani haki na wajibu, ni jambo la ndani sana. Kwamba asiye na mali hawezi kuweka dau mali ya mwingine, lakini wake nao huhesabiwa kuwa chini ya amri ya waume zao, na kwa hiyo yeye hawezi kulikata swali hilo. Draupadi alipoendelea kushikilia, akasema kwamba mwenye kauli ya mwisho katika jambo hili ni Yudhishthira mwenyewe, na Yudhishthira hakufungua kinywa. Hoja ya mamlaka ya mume, basi, ilitajwa barazani, lakini ilitajwa kama nusu ya tatizo, na aliyeitaja alikiri kwamba haitoshi kutoa hukumu. Kumgeuza Bhishma kuwa shahidi wa uhalali ni kumsingizia.

Waliotoa hukumu walikuwepo. Vidura, baba mdogo wa pande zote mbili, alisema tangu mwanzo kwamba Draupadi hakuwa mjakazi, kwa sababu aliyemweka dau hakuwa tena bwana wa nafsi yake. Wa pili ni Vikarna, mdogo wake Duryodhana, na hapa ningependa msomaji atulie, maana kijana huyu hupitwa haraka mno. Akisimama dhidi ya kaka zake na wazee waliofunga midomo, alitoa hoja moja baada ya nyingine: kwamba kamari ni mojawapo ya maovu manne yanayowaangamiza wafalme, na matendo ya mtu aliyelewa uovu huo hayapaswi kuhesabiwa, kwamba Draupadi ni mke wa ndugu wote watano, si wa mmoja, kwamba Yudhishthira alikuwa amekwisha kujipoteza, na kwamba wazo lenyewe lilitoka kwa Shakuni, yaani kwa mpinzani. Akahitimisha kwamba Draupadi hakushindwa kihalali.

Aliyemjibu ni Karna, rafiki wa Duryodhana, ambaye wapenzi wake ni wengi siku hizi na wengi wao huruka ukurasa huu. Alimkemea Vikarna kuwa ni mtoto asiyejua kitu, akamtukana Draupadi kwa kuwa na waume wengi, akaamuru avuliwe nguo. Katika Udyoga Parva, kitabu cha baadaye cha utenzi huu, Karna anamwambia Krishna kwamba anayajutia maneno makali aliyoyasema ili kumfurahisha Duryodhana, na ni haki kulitaja hilo pia.

Kuhusu ukimya wa wazee, Vidura aliwasomea palepale kisa cha Prahlada na fundisho lake: uovu unapotendeka barazani bila kulaaniwa, nusu ya dhambi humwangukia mkuu wa baraza, robo humwangukia mtendaji, na robo huwaangukia walioketi wasiseme kitu. Mtu hawezi kusoma maneno hayo kisha akautumia ukimya wa baraza lile kama ushahidi wa uhalali. Dhritarashtra mwenyewe alishtuka pale tu mbweha alipolia katika nyumba yake ya moto wa sadaka, akamruhusu Draupadi aombe atakacho. Akaomba uhuru wa Yudhishthira, kisha uhuru wa wale wanne pamoja na magari na pinde zao; alipopewa nafasi ya ombi la tatu, alilikataa. Swali lake halikupata hukumu ya baraza mpaka mwisho.

Je, basi tumheshimuje Dharmaraja? Tumheshimu kama kitabu kinavyomheshimu, bila kumfichia. Katika Vana Parva, kitabu kinachofuata, wakiwa uhamishoni, Bhima alipomlaumu, hakujitetea kwa kisingizio cha mwaliko. Alikiri kwamba alizishika dado akitamani kumnyang'anya Duryodhana ufalme. Yeye mwenyewe hajasema kwamba alitenda haki, na sisi hatuna wajibu wa kulisema kwa niaba yake.

Kuhusu sala, ulichosikia kina ukweli. Toleo la uhakiki lililoandaliwa na Taasisi ya Bhandarkar huko Pune, lililokamilika mwaka 1966 baada ya kulinganisha nakala nyingi za mikono, halikuiweka sala hiyo katika matini kuu ya Sabha Parva. Humo nguo zinaongezeka kila zinapovutwa, na msimulizi haelezi ni nani anayezileta. Lakini toleo hilo hilo, katika Udyoga Parva, linamwonyesha Krishna akisema kwamba Draupadi alimlilia kwa jina la Govinda, moja ya majina ya Krishna, yeye Krishna akiwa mbali, na kwamba kilio kile ni deni lililokua ambalo haliondoki moyoni mwake. Waliotunga sala hawakubuni kilio, walikipa maneno. Isomeni bila wasiwasi, ila msiifanye sababu ya kuruka hotuba ya Vikarna inayotangulia, na ikiwezekana mwombe shemeji yako aisome hotuba hiyo yeye mwenyewe kwa sauti.